Kipimo cha neva kwa mgonjwa wa kisukari: tunapima miguu, ugwe wa mgongo au ubongo?

#1 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61 aliingia katika chumba chetu cha vipimo akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja kutoka hospitali ambayo sitaitaja, na hitimisho lake lilikuwa la mstari mmoja tu: kwamba kisukari kimekwisha kuharibu ubongo wake. Mzee huyu ana kisukari kwa miaka 13. Binti yake, aliyekuja naye, aliniambia kwamba tangu ripoti ile itoke baba ameacha kuhesabu fedha za duka lake, kwa kuwa anaamini akili yake haiaminiki tena. Naandika uzi huu kwa sababu ripoti ile ilijengwa juu ya namba moja, na namba hiyo haina uwezo wa kusema kile ilichosemeshwa.

Nianze na kipimo ambacho wengi wanakijua, cha kasi ya neva. Fundi anabandika elektrodi kwenye ngozi, anaishtua neva kwa umeme mdogo, kisha mashine inahesabu muda ambao ishara imetumia kufika kwenye msuli au kwenye elektrodi nyingine. Kutokana na umbali na muda huo tunapata kasi, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde mkononi na zaidi ya mita 40 mguuni. Si elimu mpya: Hermann von Helmholtz alipima kasi ya neva ya chura mwaka 1850, wakati mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller, alikuwa akiamini kwamba kasi hiyo haitapimika. Kisukari hupenda kuanza na neva ndefu, ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda kama soksi, na ndiyo maana wimbi la neva ya surali, ile inayoteremka nyuma ya kigimbi hadi pembeni mwa unyayo, huwa miongoni mwa yale yanayopungua kimo mapema.

Lakini kipimo hicho hakivuki mlango wa uti wa mgongo. Liko wimbi moja, liitwalo F, ambalo hupanda hadi kwenye ugwe wa mgongo (ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti), likagonga hodi na kurudi msulini, basi. Yanayotokea juu ya hapo, ndani ya ugwe na ndani ya ubongo, yanahitaji kipimo cha ndugu yake, yaani kile cha mwitiko wa ubongo. Tunaendelea kuishtua neva mguuni au mkononi, lakini safari hii elektrodi za kusikiliza zinawekwa njiani kote: kiunoni au begani, shingoni, na kwenye ngozi ya kichwa.

Ishara inayofika kichwani ni ndogo mno, imezama ndani ya kelele za umeme wa ubongo wenyewe, kwa hiyo tunarudia mshtuko mara 500, 1,000 au zaidi na kompyuta inachukua wastani hadi kelele zifutane na ishara ibaki. George Dawson, aliyeonyesha jambo hili kwa binadamu mjini London mwaka 1947, alikuwa akipandanisha mistari ya picha juu ya karatasi moja. Mashine ya kuchukua wastani aliitengeneza baadaye.

Mawimbi haya yana majina ambayo ukiyazoea yanakusaidia. Herufi N ni hasi, P ni chanya, na namba ni milisekunde ambazo wimbi hutarajiwa kutumia kwa mtu wa kawaida. Ukishtua kifundo cha mkono, N9 inasikika begani, N13 shingoni, N20 kichwani. Ukishtua kifundo cha mguu, N22 inasikika kiunoni na P37 kichwani.

Sasa kiini cha hoja yangu. Chukulieni basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Likifika limechelewa saa mbili, huwezi kusimama stendi ya Dodoma na kusema barabara ya Dodoma ni mbovu. Inawezekana lilikwama mizani ya Vigwaza, likapita Morogoro limechelewa saa zile zile mbili, na kutoka hapo likaenda vizuri tu. Ili ujue, unahitaji saa ya kupita Morogoro. Katika kipimo chetu, Morogoro ni N22 kwa mguu na N13 kwa mkono. Tofauti kati ya N13 na N20 kwa mtu mzima ni karibu milisekunde 6, na hiyo ndiyo safari ya ndani, ile ya mfumo mkuu wa fahamu. Ripoti ya mwalimu iliandika P37 peke yake, milisekunde 54, ikaihukumu. Hapakuwa na N22.

Nilipomgusa miguu ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, kwa kuwa alikaa chini ya kiyoyozi cha mapokezi karibu saa nzima. Ngozi ilikuwa na nyuzi 27. Kila nyuzi moja ya sentigredi inayoshuka hupunguza kasi ya neva kwa mita 1 hadi 2 kwa sekunde, kwa hiyo nilimpima mara moja hivyo hivyo ili nipate ushahidi, nikapata mita 36 kwa sekunde kwenye neva ya mguu. Kisha tukatafuta beseni, maji ya uvuguvugu na taulo, tukasubiri hadi ngozi ikafika nyuzi 32. Namba ikawa 41. Kisukari chake kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni maji.

Baada ya hapo nilikwangua kidogo ngozi ya kichwa, nikapaka losheni ya elektrodi, na kumwomba alegeze taya kwa sababu mtu anayeuma meno huzalisha umeme wa misuli unaofunika kila kitu. Kidole gumba cha mguu kikaanza kuchezacheza kwa kila mshtuko, naye akacheka, akasema kinacheza ngoma bila ruhusa yake. Matokeo: N22 milisekunde 25, P37 milisekunde 51, yaani safari ya ndani milisekunde 26, ilhali hata kwa mtu mrefu kama yeye, mwenye sentimita 184, nisingetarajia izidi 20 kwa kiasi kikubwa. Mkononi, kutoka N13 hadi N20 ilikuwa 5.9, sawasawa kabisa. Wimbi la surali lilikuwa dogo.

Kwa hiyo ripoti ya kwanza ilikosea na haikukosea. Uko ucheleweshaji wa ndani, lakini sehemu ya milisekunde zile 54 huenda ilikuwa baridi, sehemu ni miguu yenyewe, na kilichobaki kinaelekeza kwenye ugwe wa mgongo kuliko kwenye ubongo, kwa kuwa njia ya mkono inayopanda hadi kichwani iko salama. Na hata kama ingekuwa ubongoni, P37 haipimi akili ya kuhesabu fedha. Naomba michango ya wenye ujuzi: je, tuseme hiki ni kisukari?

#2 Kliniki ya Jumanne

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye hadhi. Mimi ni daktari wa kliniki ya kisukari na naomba nikuunge mkono katika nusu moja na kukupinga kidogo katika nusu nyingine.

Usiwape watu picha kwamba kisukari huishia miguuni. Ubongo una karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na unategemea glukosi. Kisukari cha miaka mingi huongeza hatari ya kiharusi, huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, na kwa wastani wagonjwa huonekana na ubongo uliopungua ujazo kidogo na kasi ya kufikiri iliyopungua kidogo. Russell DeJong aliandika kuhusu madhara haya ya ubongo tangu 1950. Ugwe nao haujasalimika: mwaka 2001 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kwamba wagonjwa wenye neva zilizoharibiwa na kisukari wana ugwe wa shingo uliopungua unene. Yaani tulidhani ugonjwa unaishia mlangoni, kumbe umeingia ndani.

Ninapokuunga mkono ni hapa: tofauti zilizoripotiwa tangu miaka ya 1980 katika vipimo vya mwitiko wa ubongo ni tofauti za makundi. Unachukua wagonjwa na watu wazima wenye afya, unalinganisha wastani, unakuta wagonjwa wamechelewa milisekunde moja au mbili. Lakini ukiwachanganya watu wale chumbani na kumchukua mmoja bila kujua katoka kundi gani, mara nyingi namba yake itaangukia katika eneo ambalo makundi yote mawili yanalo. Ndiyo maana maabara huweka mpaka mbali, wastani ukijumlishwa na mara mbili na nusu au tatu ya mtawanyiko wake, na ndiyo maana siagizi kipimo hiki kwa kila anayeingia kliniki. Kwa ganzi ya kawaida ya kisukari natumia uzi wa nailoni wa gramu 10 na uma wa sauti wa hezi 128, na mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani wa mwaka 2017 unasema wazi kwamba vipimo vya umeme huhitajika mara chache, pale dalili zinapokuwa si za kawaida.

Sasa nikuulize wewe: dalili za mzee ni zipi? Umetuambia mawimbi yote, hujatuambia mtu anaumwa nini.

#3 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Daktari, umenikamata kihalali. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kusoma mistari kabla ya watu.

Barua ya aliyemtuma inasema ganzi imefika magotini kwa kipindi cha chini ya mwaka mmoja, vifundo havijibu nyundo kabisa lakini magoti yanaruka kwa nguvu. Binti aliongeza jambo ambalo barua haina: asubuhi akinawa uso lazima mkono mmoja ushike ukuta, kwa sababu akifumba macho tu anayumba. Usiku umeme ukikatika hatembei kabisa hadi aletewe taa.

#4 Kliniki ya Jumanne

Basi hapo hesabu zinabadilika. Ganzi ya kisukari hupanda polepole kwa miaka na huacha magoti yakilegea. Magoti yanayoruka huku vifundo vimenyamaza, pamoja na kuyumba mtu anapofumba macho, ni dalili za ugwe, hasa safu za nyuma zinazobeba hisia ya mahali mguu ulipo. Huyu ndiye mgonjwa ambaye kipimo chako kina haki ya kufanywa kwake. Nisingeandika neno kisukari kwenye hitimisho hadi nimalize kuuliza mengine: ugwe uliobanwa na diski au na kifua kikuu cha uti, kaswende, VVU, na lishe.

#5 Baharia Mstaafu

Wakubwa, mimi niko Mombasa na si mtaalamu, bali ni mgonjwa wa miaka tisa. Nyayo zangu huwaka moto kila usiku, hata nalala miguu nikiwa nimeitoa nje ya shuka. Nilifanyiwa kipimo hiki cha kasi ya neva na majibu yakasema kila kitu ni cha kawaida, na aliyenisomea majibu akaniuliza kama nina mawazo nyumbani. Naomba kufahamishwa: moto huu uko miguuni mwangu, au uko kichwani kama nilivyodokezwa?

#6 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Pole sana, mzee wangu. Mashine yetu husikiliza nyuzi nene tu, zile zenye utando mzito wa myelini zinazobeba hisia ya mguso na mtetemo. Maumivu na joto husafiri kwenye nyuzi nyembamba sana, nyingine zisizo na utando kabisa, zenye mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, na ishara yake haionekani katika kipimo cha kawaida. Mtu anaweza kuwa na nyuzi nyembamba zilizoungua na nyuzi nene zilizo salama, majibu yakatoka safi naye akawa analala miguu nje ya shuka. Vipo vipimo vya nyuzi hizo, kama kuhesabu ncha za neva kwenye kipande kidogo cha ngozi au kupima hisia ya joto na baridi, ila havipatikani kila mahali. Majibu safi hayamaanishi kwamba unaigiza. Rudi kliniki uwaambie usingizi umekatika, kwa sababu maumivu hayo yana dawa zake.

#7 Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili. Kwanza, hivi vyote ni vya kupanda, yaani hisia kwenda ubongoni. Kuna kipimo cha kushuka, amri kutoka ubongoni kwenda msulini? Pili, kwa nini tusimpige MRI ya kichwa na mgongo tukamaliza ubishi?

#8 Kliniki ya Jumanne

Marahaba. Kipimo cha kushuka kipo na, kwa sadfa nzuri, nacho kimezaliwa Sheffield: mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya sumaku juu ya kichwa, wakaifyatua, na kidole cha upande wa pili kikaruka bila maumivu. Ukitoa muda wa kutoka shingoni hadi msulini unabaki na muda wa safari ya ndani. Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya umuhimu wa njia hiyo ya kushuka katika ugonjwa wa konzo, ule unaotokana na muhogo mchungu usioloekwa vya kutosha, uliowakumba watu wa Tarime mwaka 1985, ambao huharibu neva za amri na kuziacha zile za hisia karibu zote salama. Kwa kisukari hali huwa kinyume, hisia hutangulia kuumia.

Kuhusu MRI, itahitajika kwa mzee huyu, lakini picha na muda ni vitu viwili. Picha inakuonyesha barabara ina shimo, haikwambii magari yanapitaje. Ugwe unaweza kuonekana mzuri pichani huku ishara zikichechemea, na mtu anaweza kuwa na madoa meupe kichwani ambayo hayajamzuia chochote. Nami nimechoka kuona wagonjwa wakitumwa kupiga picha ya kichwa wakati tatizo liko mgongoni.

#9 Mama wa Wawili

Naomba kuuliza jambo lililo karibu. Baba yangu, naye ana kisukari, alipimwa kwa kutazama ubao wa miraba myeusi na myeupe inayobadilishana kwenye runinga. Wakaandika P100 imechelewa pande zote mbili, na tukaambiwa ni madhara ya ubongo. Je, kwa mantiki ya basi la Dodoma, Morogoro ya hapo ni ipi?

#10 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Dada, umeuliza swali zuri kuliko wengi wa fani yangu. P100 ni wimbi linalosikika kisogoni takriban milisekunde 100 baada ya miraba kubadilika, na udhaifu wake mkubwa ni huo: katika kipimo cha kawaida hakuna kituo cha katikati. Wimbi huchelewa kwa sababu ya mtoto wa jicho, miwani iliyosahaulika nyumbani, retina iliyoharibiwa na kisukari, neva ya jicho, au njia ya ndani ya ubongo, na zote zinaingia katika namba moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama baba alichunguzwa macho kabla, na kama alikuwa amevaa miwani yake. Bila hayo, ripoti inaweza kusema njia ya kuona imechelewa, basi.

Kipimo cha masikio ni tofauti, na binafsi ndicho ninachokiamini zaidi kwa shina la ubongo. Unasikilizishwa vidoko vya sauti zaidi ya elfu moja kwa kila sikio, na ndani ya milisekunde 10 tunapata mawimbi matano. Wimbi la kwanza ni neva ya sikio lenyewe, la tatu ni sehemu ya chini ya shina la ubongo, la tano ni sehemu ya juu yake. Kutoka la kwanza hadi la tano ni karibu milisekunde 4. Mtu akiwa na usikivu mbovu, mawimbi yote husogea pamoja na tofauti hubaki ile ile. Njia ya ndani ikiwa na hitilafu, tofauti hupanuka. Tafiti kadhaa zimekuta tofauti hiyo ikiwa imepanuka kidogo kwa wagonjwa wa kisukari ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ubongo.

Niongeze na P300, kwa kuwa hiyo ndiyo inayogusa fikra. Mgonjwa anasikiliza milio inayofanana na kuambiwa ahesabu mmoja wa ajabu unaojitokeza mara chache. Ubongo ukiutambua hutoa wimbi takriban milisekunde 300 baadaye, jambo lililoonyeshwa na Samuel Sutton mwaka 1965. Kwa wagonjwa wa kisukari wimbi hilo huchelewa kwa wastani, lakini huchelewa pia pale pale sukari inaposhuka sana, hata kwa mtu mwenye ubongo mzima. Mimi simpimi mgonjwa wa kisukari P300 bila kumchoma kidole kwanza. Fundi asiyefanya hivyo anaweza kuandika ubongo umeharibika wakati mtu amekosa kifungua kinywa tu.

#11 Dawa Mezani

Wakuu, mimi ni mfamasia, nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu aulize swali moja na hajaulizwa. Mzee anatumia metformini? Kwa muda gani?

Nauliza kwa sababu metformini, dawa ya kushusha sukari, nzuri na ya bei nafuu ambayo sitaki mtu aiogope, ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja kimyakimya. Mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hufika huko mapema zaidi, kwani mboga na nafaka hazina vitamini hiyo. Ikikosekana, utando wa myelini huharibika hasa katika safu za nyuma za ugwe na njia za amri, na neva za miguu nazo huumia. Ukisikia ganzi, magoti yanayoruka, vifundo vilivyokufa na kuyumba gizani kwa mtumiaji wa metformini wa miaka zaidi ya kumi, usimbebeshe sukari mzigo wote. Na msimpe vidonge vya folati (vile vya kuongeza damu) peke yake mkidhani mnamsaidia: damu itapendeza, ugwe utaendelea kuharibika.

#12 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Nimempigia binti simu sasa hivi. Metformini miaka 11. Na tangu mke wake afariki mzee anapika mwenyewe: ugali na mchicha, maharage, chai ya rangi. Nyama anasema inamchosha meno. Nimempelekea daktari aliyemtuma ujumbe na swali lako lilivyo, Mfamasia.

#13 Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Lakini wakubwa, je, kuidhibiti sukari vizuri si kungerudisha hali hata hivyo? Tumefundishwa kuhusu utafiti mkubwa wa DCCT.

#14 Kliniki ya Jumanne

DCCT, iliyotangazwa mwaka 1993, ilifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, na udhibiti mkali ulipunguza uharibifu wa neva kwa karibu asilimia 60. Hizo ni neva za miguu, na kinga, si kufufua. Kwa ubongo hadithi ni nyingine: katika utafiti wa ACCORD, majibu yaliyotolewa mwaka 2011 kwa watu wenye aina ya pili yalionyesha kwamba kushusha sukari kwa nguvu hakukuboresha uwezo wa kufikiri kuliko udhibiti wa kawaida, ingawa ubongo ulipungua ujazo kidogo zaidi kwa wale wa udhibiti wa kawaida. Udhibiti ule mkali ulisitishwa mapema kwa kuwa vifo viliongezeka. Kwa hiyo mtu wa miaka 61 anayeyumba simwongezei dawa za sukari kwa hasira, nikamwangusha bafuni kwa sukari ya chini.

#15 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Narudi na majibu, kwa ruhusa ya mwenyewe na binti yake. B12 ilikuwa pikogramu 118 kwa mililita, wakati chini ya 200 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni upungufu. Kaswende hakuna, VVU hakuna. MRI ya shingo na mgongo haikuonyesha kubanwa popote, ila kuna mstari hafifu mweupe nyuma ya ugwe. Daktari amemwanzishia sindano za vitamini, metformini hakuiondoa, na wastani wa sukari wa miezi mitatu uko pazuri tu.

Namwomba msamaha aliyeandika ripoti ya kwanza kwa nusu: aliposema mfumo wa ndani umeumia, alipatia. Pale alipoandika ubongo, na alipoandika kisukari, ndipo alipomvunja mtu bila ushahidi. Tangu sasa kila ripoti ya mguu inayotoka mezani kwangu itakuwa na joto la ngozi, kimo cha mgonjwa, N22, na tofauti kati yake na P37. Nimebandika karatasi ukutani ili na wenzangu wa zamu wasisahau.

#16 Baharia Mstaafu

Alhamdulillahi. Nami nimekwenda kuomba B12 yangu ipimwe. Fundi, usitufungie uzi, tujulishe mzee akirudi kupimwa.

#17 Fundi Mawimbi (mleta mada)

Miezi minne imepita, karudi leo. Safari hii alikuja na soksi mbili kila mguu na akakataa kukaa chini ya kiyoyozi. N22 ni 24, P37 ni 46, kwa hiyo safari ya ndani imeshuka kutoka 26 hadi 22. Bado imechelewa kidogo, na wimbi la surali halijasogea, pengine hilo ndilo fungu la kisukari chenyewe. Ananawa uso kwa mikono miwili. Gizani bado anataka taa.

Kabla ya kuondoka alitoa ile bahasha ya kaki, akaniomba nimwandikie namba mpya kwa nje, moja juu ya nyingine, kisha akafanya mwenyewe hesabu ya kutoa, kwa sauti, mbele ya binti yake.